Maneno ya Ulevi na Hesabu ya Walevi: Lugha ya Hojaji katika Uchunguzi wa Afya ya Jamii, Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi maneno ya Kiswahili yanayotumiwa katika kuchunguza ulevi na uraibu yanavyoweza kubadili matokeo ya uchunguzi wenyewe, hasa pale ambapo wanaoulizwa ni watu wa jamii zilizotengwa. Mfano wetu ni Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika miji ya Lodwar na Kakuma. Si nia yetu kueleza ni watu wangapi wanakunywa pombe katika sehemu hizo. Swali letu latangulia hilo: mtu anapoulizwa juu ya kunywa kwake, huwa ameulizwa nini hasa?

Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la matabibu na wanaelimujamii, wala halimhusu mwalimu wa lugha. Tunaona kinyume chake. Hojaji ni matini. Hutungwa, hutafsiriwa, husomwa kwa sauti na hufasiriwa na msikilizaji. Mwisho wake ni tarakimu katika jedwali, na kwa tarakimu hizo hugawanywa fedha, hujengwa vituo, na mara nyingine hupelekwa askari. Ikiwa neno moja katika swali lilikuwa na hukumu ndani yake, hukumu hiyo huingia katika jedwali bila kuonekana.

2. Mahali na watu

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, nao mji umekaa kando ya mto Turkwel. Wasomaji wengi wanaujua kwa sababu Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini huko kuanzia 1959, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Serikali ya kikoloni iliichagua nchi hiyo kwa kuwa ilikuwa mbali na imefungwa. Baada ya uhuru umbali huo haukwisha mara moja. Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe zaidi katika sehemu zenye rutuba na mvua, na nchi za wafugaji zikabaki nyuma. Hata leo Mturkana anayesafiri kwenda kusini husikika akisema kwamba anakwenda Kenya.

Njaa ya 1980 na 1981 iliwafikisha maelfu ya wafugaji waliopoteza mifugo kwenye makambi ya chakula. Wengi hawakurudi tena malishoni. Ndipo ilipokua miji midogo ya watu wasio na ng'ombe wala kazi ya mshahara, na ndani yake wanawake wengi waliotafuta riziki kwa kuuza makaa, kusuka vikapu na kupika pombe.

Kakuma, iliyo yapata kilomita 120 kutoka Lodwar katika barabara iendayo Lokichogio, ilipata sura mpya mwaka 1992 ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi. Wa kwanza kufika walikuwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu na hapo ili wakimbizi na wenyeji wakae pamoja. Leo wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei ni zaidi ya 200,000. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba kaunti nzima ilikuwa na watu 926,976.

Suala la vileo katika mahali hapa si geni kwa wachunguzi. Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilipata ripoti ya tathmini ya haraka juu ya matumizi ya vileo na hatari ya UKIMWI katika kambi ya Kakuma na jamii inayoizunguka. Kazi za namna hiyo zina manufaa makubwa. Lakini kila moja imepita katika lugha kadhaa kabla ya kufika mezani kwa msomaji, na safari hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama.

3. Safari ya swali

Kwa kawaida hojaji za afya ya jamii huandikwa kwa Kiingereza. Iliyo mashuhuri katika habari za pombe ni AUDIT, yenye maswali 10, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Yafaa kukumbuka kwamba Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita zilizoshiriki katika kuitayarisha, pamoja na Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwe na Marekani, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1993. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, na anayefikisha jumla ya alama 8 huhesabiwa kuwa anakunywa kwa namna ya hatari.

Huko Turkana swali hutoka katika Kiingereza likatiwa katika Kiswahili kwa maandishi. Kisha kijana aliyesoma, aliyeajiriwa kwa siku chache, hulisoma kwa Kiswahili moyoni na kulitamka kwa Ng'aturkana. Katika kambi ya Kakuma msaidizi mwenzake atalitamka kwa Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kioromo au Kirundi. Hatua ya kwanza hukaguliwa: tangu 1970, Brislin alipoieleza njia ya kutafsiri na kurudisha tafsiri katika lugha ya asili, wachunguzi wengi wameifuata. Hatua ya pili, ile ya mdomo, mara nyingi haikaguliwi na mtu. Kwa hiyo Kiswahili si kituo cha mwisho cha swali, bali ni kituo cha kati, na kosa linaloingia hapo hutawanyika katika lugha zote zinazofuata.

Zaidi ya hayo, wasikilizaji wa Kiswahili chenyewe hawako sawa. Mkongo wa Kakuma huzungumza Kiswahili cha nyumbani kwake. Pombe kali iliyotoneshwa, ambayo Mkenya huiita chang'aa na Mtanzania gongo, yeye huijua kwa jina la kanyanga au lutuku, na jirani yake kutoka Sudan Kusini huiita araki. Hojaji inayouliza juu ya chang'aa peke yake itapata jibu la hapana kutoka kwa mtu aliyekunywa kinywaji hicho hicho jana kwa jina jingine.

4. Mlevi, mgonjwa na mraibu

Sasa na tutazame maneno makuu matatu, kwa kuwa sarufi yao ina jambo la kutufundisha.

Neno mlevi latokana na kitenzi -lewa kwa kiambishi cha mwisho -i, ambacho huunda majina ya watenda. Tulinganishe:

(1) -iba: mwizi
(2) -gomba: mgomvi
(3) -lewa: mlevi

Majina haya yote hutaja mtu kwa tendo lake, na zaidi ya hapo kwa tendo alilolizoea hata likawa tabia yake. Mtu aliyelewa mara moja hasemwi kuwa ni mlevi. Tuyaangalie sasa majina yafuatayo:

(4) mfungwa
(5) mtumwa
(6) mgonjwa

Haya huishia kwa -wa na humtaja mtu kwa jambo lililompata. Mfungwa alifungwa, mtumwa alitumwa, na mgonjwa ameshikwa na ugonjwa. Kwa hiyo mtu asemapo kwa Kiswahili kwamba mlevi ni mgonjwa, ameunganisha maumbo mawili yanayovutana: upande mmoja mtenda, upande wa pili mtendwa. Hatusemi kwamba sarufi huzuia fikira. Twasema tu kwamba msikilizaji asiyeelezwa zaidi ataliweka neno mlevi karibu na mwizi na mgomvi, si karibu na mgonjwa, na kwamba swali lisemalo Je, wewe ni mlevi? halijapata kuwa swali la tiba.

Kitenzi chenyewe kina adabu zaidi kuliko jina. Twasema -lewa, -levya, na pia -levuka, yaani kutokwa na ulevi. Umbo hili la mwisho lataja hali inayokuja na kupita. Mtu hulewa na kulevuka, lakini jina mlevi halina mlango wa kutokea.

Neno la pili ni uraibu. Leo, hasa Kenya, ndilo linalotumiwa zaidi kwa maana ya kutawaliwa na kitu hata mtu asiweze kukiacha, na mwenye hali hiyo ni mraibu. Lakini katika matumizi ya zamani ya pwani neno hili lilihusishwa hasa na vitu vya kutafuna kwa mazoea na starehe, kama tambuu na tumbaku. Halikuwa na aibu kubwa: mgeni alikaribishwa kwa uraibu. Hapa twapata jambo la ajabu kidogo. Waturkana nao, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, hutafuna tumbaku waiitayo etaba, na mgeni anayefika nyumbani huombwa tumbaku kabla ya kuulizwa habari. Mchunguzi mwenye busara huenda nayo. Maana ya zamani ya uraibu basi iko karibu sana na maisha ya Mturkana, ilhali maana mpya, ile ya zahanati, iko mbali naye. Na mchunguzi aliyetoa tumbaku mlangoni ili apokewe, kisha akauliza juu ya uraibu, amejikuta ndani ya jambo analolichunguza.

Neno la tatu ni utegemezi. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilitenga, mwaka 1957, uraibu na mazoea kuwa mambo mawili. Mwaka 1964 kamati hiyo ilipendekeza istilahi moja badala ya zote mbili, yenye maana ya kutegemea dawa au kileo. Baadhi ya watafsiri wa Kiswahili wameifuata na kuandika utegemezi wa pombe. Mahali pengine istilahi hii yafaa. Kakuma haifai hata kidogo, kwa sababu huko neno utegemezi limekwisha kupewa kazi nyingine: ndilo lawama wanayotupiwa wakimbizi kwa kupokea chakula cha msaada. Mkimbizi akiulizwa juu ya utegemezi wake atajibu juu ya mgao wa chakula, na atajibu kwa uchungu.

Na tuongeze neno la nne, dawa. Kiswahili husema dawa za kulevya, au mihadarati kwa neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya vitu vitiavyo ganzi. Neno mihadarati hulielewa aliyesoma. Dawa hulielewa kila mtu, lakini kila mtu amefundishwa na wahudumu wa afya kwamba dawa ni kitu chema na kwamba asiyekunywa dawa zake ni mkosaji. Mama mzee akiulizwa kama ametumia dawa zinazolevya, huenda akazifikiria zile za hospitali zilizompa kizunguzungu. Kijana wa mitaani mjini Lodwar anayevuta gundi atajibu hapana kwa moyo safi, kwa sababu gundi si dawa.

5. Maswali yenye mitego

Kutoka katika maneno tuingie katika maswali yenyewe. Tutachukua manne.

(a) Kipimo. Swali la pili la AUDIT huuliza mtu hunywa vinywaji vingapi katika siku ya kawaida. Kinywaji kimoja cha kipimo, kwa mujibu wa mwongozo wake, ni chenye gramu 10 hivi za alkoholi halisi. Lakini busaa hunywewa katika kikombe, kibuyu au kopo, mara nyingi kwa zamu kati ya watu kadhaa, na chang'aa huuzwa kwa glasi ndogo na mwanamke ambaye Kenya nzima humwita mama pima. Jina hilo lenyewe lataja kipimo, lakini ni kipimo chake yeye. Tufanye hesabu ndogo kwa mfano. Kikombe cha mililita 250 cha busaa yenye alkoholi asilimia 4 kina mililita 10 za alkoholi, yaani gramu 8 hivi. Glasi ya mililita 100 ya chang'aa yenye asilimia 35 ina mililita 35, yaani gramu 28 hivi. Watu wawili waliojibu kwamba hunywa viwili wataandikwa sawasawa katika jedwali, hali mmoja amekunywa gramu 16 na mwingine 56.

Tena jibu la idadi huhitaji kitu kinachohesabika. Katika Ng'aturkana majina ya vimiminiko kama ng'akipi (maji), ng'akile (maziwa) na ng'aokot (damu) hubeba kiambishi cha wingi ng'a-. Kiswahili nacho huyaweka maji na maziwa katika ngeli ya wingi ya ma-. Lugha zote mbili basi huona kimiminiko kama kitu cha jumla, na neno vinywaji vingapi halina mahali pa kushika mpaka kitajwe chombo.

(b) Majira. Majibu ya swali la kwanza yamepangwa kwa mwezi na kwa wiki: mara moja kwa mwezi au chini ya hapo, mara mbili hadi nne kwa mwezi, na kadhalika. Mpango huu unamfaa mtu wa mshahara. Mfugaji hugawa mwaka kwa akiporo, majira ya mvua, na akamu, majira ya kiangazi. Hunywa anapokuja mjini kuuza mbuzi, au penye sherehe, kisha akakaa muda mrefu bila kuona pombe. Ukimlazimisha kutoa wastani wa wiki atakupa nambari ili umwache aende. Vivyo hivyo katika kambi, siku za kunywa hufuata siku za kupata. Kuanzia 2015 sehemu ya msaada wa chakula Kakuma ilitolewa kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Siku salio lilipoingia haikuwa sawa na siku ya ishirini baada yake.

(c) Asubuhi na hatia. Swali la sita huuliza kama mtu huhitaji kunywa asubuhi ili aweze kuianza siku baada ya kunywa sana. Kiswahili hapa hakina upungufu. Tanzania wanasema kuzimua, na vijana wa Kenya wanasema kutoa loki, maana yake ile ile. Ni ajabu kwamba watafsiri huyapita maneno haya na kuunda sentensi ndefu isiyoeleweka, kwa kudhani kwamba neno la mtaani halifai kuandikwa. Tena pombe ya nafaka huhesabiwa na wengi kuwa chakula, na anayekunywa busaa asubuhi pengine amekunywa uji wake wa siku. Neno kuzimua lingemtenga huyu na yule anayetuliza mkono unaotetemeka.

Swali la saba ni zito zaidi. Huuliza kama mtu amejiona mwenye kosa au mwenye majuto baada ya kunywa. Tafsiri nyepesi ni hatia. Lakini hatia ni neno la mahakama. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 2010 ilipokuja Sheria ya Kudhibiti Vileo. Sheria mpya ilitaka leseni, viwango na chupa za kioo, mambo ambayo mwanamke anayepika kwa sufuria nyuma ya nyumba yake hawezi kuyatimiza. Kwake yeye sheria haikubadilika. Swali lisemalo Je, umewahi kujiona una hatia? humwambia kwamba mwulizaji ni ndugu wa askari. Neno kujilaumu au kujuta lingemwacha azungumze na moyo wake.

(d) Raia na mahojiano. Mwanzoni mwa hojaji za Kakuma huwako swali la kumtenga mwenyeji na mkimbizi. Kwa Kiswahili sanifu twauliza kama mtu ni raia. Lakini Waturkana wamelichukua neno hili la Kiswahili na kulifanya lao: raiya, kwa matumizi yao, ni wafugaji wa nyikani, wenye kuishi kwa mifugo yao mbali na mji. Mturkana aliyezaliwa Kakuma mjini, mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni, anaweza kusema kwamba yeye si raiya, akiwa amesema kweli kabisa. Kijana asomaye swali asipoijua tofauti hii, au akiijua na kuona haya kumsahihisha aliyemwajiri, mwenyeji ataandikwa mgeni katika nchi yake.

Na jina la kazi yenyewe lina mtego. Katika Kiswahili cha Kenya, kuhojiwa ni kazi ya polisi. Katika kambi, mahojiano ni yale yanayoamua kama mtu atahamishiwa nchi ya tatu. Mtu anayeitwa kwenye mahojiano atapima kila jibu kwa faida au hasara yake: aseme anakunywa ili ahesabiwe mwenye shida, au aseme hanywi ili asifungiwe mlango? Kwa upande wa Waturkana, neno emoit, wingi wake ng'imoe, ni mgeni na pia ni adui. Mchunguzi huanza kazi akiwa ndani ya neno hilo, na hutoka ndani yake kwa mwenendo wake, wala si kwa barua ya kibali.

6. Ugonjwa bila aibu, na tiba yenye aibu

Yaweza kuulizwa kama matatizo haya hayako katika kila uchunguzi wa afya. Yako, lakini si kwa kiasi kile kile. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu za dunia zenye kiwango kikubwa kabisa cha ugonjwa wa tegu wa mbwa, unaofanya uvimbe tumboni. Shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Wachunguzi walihitaji kuuliza juu ya mbwa na watoto, na juu ya maji, lakini hawakuhitaji kumwuliza mgonjwa kama anajilaumu. Uvimbe huonekana, na aliye nao hasingiziwi tabia mbaya. Uraibu hauna uvimbe. Ushahidi wake mkubwa ni maneno ya mwenye nao, na kwa hiyo maneno ya mwulizaji ndiyo chombo cha kupimia.

Aibu hii hufuata mpaka kwenye tiba. Kenya, mahali pa kuwasaidia waraibu huitwa kwa kawaida kituo cha kurekebisha tabia. Ni jina lile lile linalotumiwa kwa shule za watoto waliovunja sheria. Zanzibar na Tanzania Bara, ambako janga la heroini limewafanya watu wazungumze juu ya mambo haya kwa miaka mingi, nyumba za namna hiyo huitwa nyumba za upataji nafuu. Majina haya mawili yana nadharia mbili tofauti. La kwanza lasema kwamba mtu ana tabia iliyopinda. La pili lasema kwamba mtu anaumwa na anapata nafuu. Mwanamke wa Lodwar aliye na watoto watano atafikiri mara ngapi kabla ya kuingia penye jina la kwanza, hali majirani wanatazama?

Wala haitoshi kusema kwamba tutangaze tu kuwa uraibu ni ugonjwa. Tangazo hilo likifika katika Ng'aturkana litakutana na neno edeke, ugonjwa. Ugonjwa una chanzo, na penye chanzo kuna emuron, mwaguzi, mwenye haki ya kuulizwa juu yake. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. Twasema kwamba anayepeleka tangazo lazima ajue linakokwenda.

7. Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, hojaji za Kiswahili zitumie vitenzi badala ya majina ya watu. Zisiulize nani ni mlevi au mraibu. Ziulize nini hutendeka. Kwa mfano, badala ya Je, wewe ni mraibu wa pombe? tuulize Je, katika miezi hii umewahi kutaka kuacha kunywa ukashindwa?

Pili, kila swali la kiasi litaje chombo cha mahali hapo, nacho kipimwe kabla ya kazi kuanza. Mama pima ndiye mtaalamu wa kwanza kushauriwa, naye ashauriwe kwa heshima na bila kuandikwa jina.

Tatu, orodha ya majina ya vileo itungwe katika kila lugha ya kambi, na majina ya mtaani yaingizwe bila kuona haya.

Nne, hatua ya mdomo ikaguliwe kama hatua ya maandishi. Mkalimani anene swali kwa Ng'aturkana, linaswe sauti, kisha mtu mwingine asiyeiona hojaji alirudishe katika Kiswahili. Penye tofauti pajadiliwe na wakalimani wenyewe, nao wahesabiwe kuwa wachunguzi, si vipaza sauti.

Tano, idara zetu za lugha zishiriki tangu mwanzo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na imeiagiza serikali kukuza lugha za wenyeji. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 260, inawataja wafugaji katika kueleza maana ya jamii zilizotengwa. Vifungu hivi viwili hukutana mahali pamoja, nako ni pale kijana anapokaa chini ya mti na karatasi mkononi akimwuliza mama mzee swali.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika uchunguzi wa ulevi na uraibu huko Lodwar na Kakuma, Kiswahili hubeba mzigo ambao haujapimwa sawasawa. Maneno mlevi, utegemezi, hatia, raia na mahojiano ni maneno mema ya lugha yetu, lakini kila moja huingia katika swali pamoja na historia yake, na historia hiyo humgusa zaidi mtu asiye na uwezo wa kuijibu.

Neno kutengwa ni la kutendwa. Husema kwamba yuko aliyetenga, ingawa halimtaji. Wanalugha hatukuwatenga Waturkana wala wakimbizi, wala hatuna mamlaka ya kugawa chakula au leseni. Lakini swali linaloulizwa kwa Kiswahili ni letu. Tukiliacha likiwa na hukumu ndani yake, tutakuwa tumeshiriki katika hesabu inayotoka, na mwanamke aliyejibu kwa hofu nyuma ya sufuria yake hatapata njia ya kutuambia kwamba tulimwuliza vibaya.